Kufuta Akaunti kwa Kidole cha Mama Kokila

Alhamisi, saa mbili kasoro usiku, Magomeni. Mvua ilinyesha asubuhi ikaliacha joto palepale ilipolikuta. Nimeoga mara mbili na bado shingo inanata.

Nina furaha na nina aibu, vyote kwa pamoja. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujisimulia kwa namna ya kujipendelea.

Habari yenyewe ni hii. Keshokutwa, Jumamosi, wazee wa Beda wanaleta barua ya posa kwa Mjomba Dismas. Beda ni fundi friji. Tunaimba wote kwaya, mimi sauti ya pili, yeye besi. Nina miaka thelathini na sita na sitajifanya sijali. Barua hiyo nimeisubiri kwa hamu mpaka naona haya kuandika ni hamu kiasi gani.

Jumatatu nikapata ujumbe kutoka kwa dada yake mkubwa, Dada Yusta. Mwanaume mmoja anayefanya naye kazi alikuwa amemwonyesha picha yangu kwenye programu ya simu ya kutafuta wachumba. Jina langu lipo, Leokadia, na umri upo, ila umepungua miaka minne. Dada Yusta hakutukana. Aliandika kwa adabu yake yote: "Mdogo wangu, nakupa mpaka Jumamosi. Ikiwa bado ipo, nitaitoa kikaoni mbele ya wazee, tuulizane vizuri."

Nilikaa juu ya maboksi ya zipu, dukani ninapofanya kazi, nikausoma tena.

Sasa niseme ukweli, maana hapa sina wa kumficha. Akaunti ile niliifungua miaka miwili iliyopita, kabla sijamfahamu Beda. Jumapili jioni zilikuwa zinanishinda. Nikitoka kanisani, nikishafua, nikishapika, nyumba nzima ya wapangaji inajaa sauti za watoto na redio, na mimi naongea na nani? Ndipo nikajiunga. Niliongea na wanaume wanne, nikakutana na mmoja, akaagiza chipsi, akala, akaniuliza kama ninaweza kumtafutia kazi. Nikarudi nyumbani nikaifuta.

Au nilidhani nimeifuta. Kumbe nilichofuta ni programu kwenye simu yangu. Akaunti yenyewe ilibaki huko iliko, picha yangu inatabasamu kwa yeyote anayepita, miaka miwili mizima, wakati mimi nachumbiwa kanisani.

Jumatatu hiyohiyo nikaipakua tena ili niingie niifute kabisa. Ikaniambia itatuma namba ya uthibitisho kwenye simu niliyojiandikishia.

Na hapo ujanja wangu ukanirudia mwenyewe. Sikuwa nimejiandikisha kwa namba yangu. Niliogopa wanaume wa humo wasije wakaipata wakanisumbua. Nilitumia namba ya dukani.

Duka ni la Mama Kokila, kule Kariakoo. Tunauza vitu vya mafundi cherehani: nyuzi, zipu, vifungo, lesi, riboni, bitana. Mama Kokila ni Mhindi, mjane, bibi wa wajukuu watano, amezaliwa hapahapa mjini. Amesimama nyuma ya kaunta ile tangu enzi ambazo, anavyosimulia, uzi mweupe ulikuwa ukipatikana watu wanapanga foleni, mpaka biashara zilipofunguliwa na mizigo ikaanza kumiminika mtaani akashindwa hata pa kuiweka.

Nimekaa naye miaka tisa na bado kuna siku namtazama nasahau kazi yangu. Anavuta zipu mara moja karibu na sikio, anakuambia itadumu au haitadumu. Anapitisha lesi kati ya kidole gumba na cha shahada huku anaongea na mteja mwingine, akifika palipokatika uzi anasimama. Hakosei. Fundi akija na kipande cha kitambaa cha kijani, Mama hapekuipekui. Mkono unakwenda moja kwa moja kwenye boksi la kijani hichohicho. Na sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku nilipomkatia mteja lesi ya harusi vipande viwili badala ya kimoja.

Ndiyo maana nilimwogopa. Angekuwa mkali nisingeona taabu.

Laini ile ya dukani ilisajiliwa kwa alama za vidole vyake. Mimi ndiye niliyekaa na kisimu chake, napokea oda za mafundi. Halafu mvua moja kubwa kikanichomoka nikivuka maji pale Msimbazi, kikazama, na Mama akasema basi, wateja wapewe namba yake mwenyewe. Laini ikafia hapo. Hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwamba ndani ya laini ile nilikuwa nimetafuta bwana.

Kwa hiyo Jumanne nikajaribu njia nyingine, ya barua pepe. Huko nako nilijikuta sina kitu. Barua pepe yangu nilifunguliwa na dada aliyeniuzia simu, kama wengi wetu tunavyofunguliwa siku tunayonunua simu: unampa jina, anabonyezabonyeza, anakurudishia simu imeshakuwa tayari, unashukuru. Neno la siri alilichagua yeye. Nikaenda dukani kwake. Sasa hivi pale wanauza mawigi.

Nikawaandikia wenye programu. Walijibu haraka, kwa Kiingereza cha mashine: kama huna namba ya simu, tumia barua pepe. Nikawaandikia sina barua pepe. Wakajibu: kama huna barua pepe, tumia namba ya simu. Tuliandikiana hivyo mara tatu, na wao kila mara wakinishukuru kwa uvumilivu wangu.

Jana nilikwenda kwa Zuwena. Zuwena ana mwavuli wake Msimbazi, anasajili na kurudisha laini, na ana mdomo. Akaingiza namba, akasubiri.

"Una bahati, dada. Laini ipo, hawajampa mtu. Ila siyo yako hii."

"Ni ya bosi wangu."

"Basi mlete bosi wako na vidole vyake. Mimi hapa siwezi kupika kidole."

Nililala vibaya. Leo asubuhi nikamwamkia Mama shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kidogo, akaendelea na kazi. Nikapanga nimwambie saa nne. Saa nne nikaahirisha. Saa sita nikaahirisha tena, nikajiambia ngoja ale. Alipomaliza kula nikaishiwa visingizio.

Alikuwa anazungusha riboni nyekundu kwenye kadi yake. Nikamwambia yote. Programu, laini, picha, Dada Yusta, Jumamosi. Nilimwambia hata umri nilioupunguza, sijui kwa nini, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Yeye aliendelea kuzungusha riboni, taratibu, bila kuongeza mwendo wala kupunguza. Nikawa naangalia mikono yake kwa sababu usoni sikuweza.

Alipofika mwisho akauchomeka kwa pini.

"Ni laini ile iliyozama?"

"Ndiyo, Mama. Naomba unisamehe. Nilitumia kitu cha duka kwa mambo yangu."

"Ulikosea," akasema. "Shusha geti. Twende."

Saa nane mchana, Kariakoo, wateja wawili wakiwa mlangoni. Kwa miaka tisa nimeshusha geti lile mchana mara moja tu, siku kaka yake alipofariki. Nikalishusha. Mama aliwaomba radhi wale wateja mmoja mmoja, akafungua mwavuli wake mdogo wa jua, akatangulia. Ana miaka sitini na kitu na anapita katikati ya mikokoteni bila kugusana na mtu, na wapagazi wanampisha huku wanamwamkia.

Zuwena alimpa kiti chake. Akamwelekeza aweke kidole gumba cha kulia.

Mashine ikakataa.

Cha kushoto. Ikakataa. Cha shahada. Ikakataa. Zuwena akampa kitambaa afute jasho, akamwambia apake kidole kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo. Mama akapaka. Mashine ikakataa tena. Zuwena akaushika mkono wake, akaugeuza juani, akatazama ncha za vidole.

"Mama, mbona vidole vyako havina mistari? Umevipiga pasi?"

Nikatazama na mimi. Kwa miaka tisa naviangalia vidole vile vikifanya maajabu na sikuwahi kuviangalia vyenyewe. Vilikuwa laini kabisa, vinang'aa. Uzi na lesi vimepita hapo miaka arobaini mpaka vikaondoka na alama zake. Ujuzi wote ule ninaousifu ulikuwa umemlipisha hapo, na leo ndipo nilipoiona bei.

Zuwena akanivuta pembeni. Imebaki mara moja, akasema. Ikikataa tena mfumo unaifunga laini kwa saa arobaini na nane. Sikuhitaji kuhesabu. Hiyo ni Jumamosi, wazee wameshakaa, na Dada Yusta ameshika simu mkononi.

Nilitaka kumwambia Mama tuache, turudi dukani. Machozi yalikuwa yameshafika. Yeye wala hakuniangalia. Aliinuka akaenda kwa mama lishe wa jirani, akaketi kwenye benchi, akaagiza chai ya moto, isiyo na sukari.

Nikajua amekata tamaa anapumzika. Kumbe anafanya kazi. Aliishika bilauri kwa mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kikiwa kimelala pembeni ya kioo, akatulia.

"Asubuhi siwezi kutunga uzi kwenye sindano kabla ya chai," akaniambia. "Vidole havisikii. Vikipata moto vinaamka. Na hiki kidogo cha kushoto hakijafanya kazi maisha yake yote. Tukiamshe."

Tukakaa pale kama robo saa, anaongezewa chai ya moto mara mbili. Ndipo akaniuliza, bila kunigeukia, kama Beda nilimpata humo. Nikamwambia hapana, kwaya. Akaniuliza basi humo nilipata nini. Nikamwambia kweli: nilipata mtu wa kuniuliza nimeshindaje, kwa wiki tatu hivi.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei nzuri.

"Mimi walinipiga picha studio," akasema. "Miaka kumi na tisa, nimevaa bangili za shangazi. Wakatoa nakala, kila moja kwenye bahasha yake. Ikaenda Tanga, ikaenda Moshi, ikaenda Mwanza. Nyumba nane iliingia. Ya nane ndiyo ya baba Jitesh, mume wangu."

"Na hizo saba?"

"Hizo saba hawakurudisha picha." Akanywa chai kidogo. "Ziko huko mpaka leo. Sijui nani ananiangalia."

Nilicheka mpaka mama lishe akageuka. Na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa najiona mwanamke niliyejianika barabarani, na huyu hapa, mtu ninayemheshimu kuliko wengi, alikuwa ameketi kwenye benchi hilohilo nami, na picha zake saba hazifutiki.

Alijikausha mkono, akarudi kwa Zuwena, akakiweka kidole kile kidogo juu ya mashine. Hakukikandamiza. Alikilaza tu, kama anavyoilaza lesi juu ya kaunta ili mteja aione.

Mashine ikalia. Kijani.

"Mama, wewe ni noma!" Zuwena akapiga makofi. Mama akamwuliza maana yake. Zuwena akamwambia ni sifa. Mama akasema asante.

Laini mpya ya namba ile ikasoma kwenye simu yangu baada ya dakika chache. Nikaomba namba ya uthibitisho, ikaingia, nikaiandika, mlango ukafunguka. Nikawa ndani ya akaunti yangu. Mama akainama kuangalia picha yangu, ile niliyoipiga dukani nimesimama mbele ya rafu. Alitazama kwa makini sana. Nikasubiri maneno mazito.

"Lesi za nyuma umezipanga vizuri," akasema.

Nikateremka mpaka kwenye kitufe cha kufuta. Kidole changu kiko juu yake, na bado nikawa na wasiwasi. Nikamwambia Mama kwamba hata nikifuta, huenda Dada Yusta ameshaipiga picha skrini, na Jumamosi anaweza kuitoa vilevile.

"Akisimama, na mimi nitasimama," Mama akajibu. "Nitawaambia wazee laini ni ya Kokila, imesajiliwa kwa kidole cha Kokila. Mwanamke aliyekuwa anatafuta bwana humo ni mimi. Waniulize mimi."

Zuwena alishika mti wa mwavuli asianguke kwa kucheka. Mimi sikucheka, maana namjua Mama. Angesema. Angesimama na sari yake mbele ya wazee wetu wa Kingoni, kwa sauti ileile ya kuuzia vifungo, na angesema.

Na hapo ndipo niliona aibu ya kweli, siyo ile ya kuanzia Jumatatu. Siku nne nimezunguka nikihangaika kufuta, na kati ya watu wote niliowaeleza habari hii, wenye programu, muuza mawigi, Zuwena, Mama, hayumo Beda. Nilikuwa tayari bibi wa wajukuu watano anibebee jambo langu mbele za watu, ila siyo kumwambia mwanaume ninayetaka kuolewa naye.

Nikampigia palepale, kabla sijabonyeza.

Nilimkuta kazini. Nikamwambia, Beda, nina jambo nataka ulisikie kutoka kwangu. Nikamsimulia yote nimesimama juani, magari yanapiga honi, sikuchagua maneno. Nikamwambia akaunti bado ipo, niko mbele yake, naifuta sasa hivi. Nasikia tu friji la mtu linaunguruma.

"Humo uliandika unatafuta mtu wa namna gani?" akauliza.

Nikamsomea kama ilivyo: mtulivu, asiyenuna, anayependa kuimba.

"Hapo kwenye kununa nitajitahidi," akasema. Kisha sauti ikabadilika. "Ila ungeniambia mapema, Leo. Yusta kukupa wewe siku na mimi sijui, hilo limeniuma. Nitaongea naye leo. Jumamosi tunakuja."

Nikamwomba radhi. Alisema amesikia. Sidhani kama yameisha kabisa, na ana haki yasiishe leo. Lakini amesema tunakuja.

Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina uhakika. Ikaniuliza sababu. Ikaniuliza kama ningependa kupumzika tu badala ya kuondoka. Nikajibu yote. Picha ikatoweka, na safari hii nilimwomba Zuwena atafute jina langu kwa simu yake, kama mgeni anayepita, ili niamini. Alitafuta na kutafuta. Hakuna.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi Magomeni. Nafikiri mtu unaweza kumsifu mwenzako miaka tisa kwa vitu vidogo, zipu, rangi za uzi, na ukawa bado hujamjua. Nilidhani utulivu wa Mama Kokila ni tabia tu, kama vile mtu kuwa mrefu. Leo nimeona ni kitu anachokifanya, kwa makusudi, kwa ajili ya aliye mbele yake. Nikijaliwa kufika umri ule, nitaweza kusikiliza aibu ya mtu bila kusimamisha riboni?

Tuliporudi tulifungua geti, tukauza mpaka saa kumi na moja. Hakuligusia jambo lile hata kwa neno. Na mimi nilikuwa na ombi nililoogopa kulitoa, kwamba Jumamosi niondoke saa sita, maana Jumamosi ndiyo siku mafundi wa mikoani wanafunga mizigo yao na duka linajaa mpaka nje. Kwa kuwa Beda alisema ataongea na Yusta, nilidhani Mama hana tena haja ya kusimama mbele ya wazee. Nikaliacha ombi langu mpaka kesho.

Nilipokwisha kushusha geti nikamkuta Mama nje, amevaa miwani, anabandika karatasi kwa gundi ya lesi. Ameiandika kwa kalamu nene, herufi zimenyooka kama amezipimia futi. Aliisawazisha kona moja kwa kile kidole kidogo, akaniambia nisichelewe kesho, akaenda zake. Nikabaki nimesimama peke yangu barabarani, naisoma.

JUMAMOSI HATUFUNGUI. TUNAPOSWA.